Mti mmoja, mafundi watatu, bei tatu: wakata miti wa Dodoma wanapigaje hesabu?

#1 Mwenye Kiwanja
Wakuu mbukwenyi.

Nina mwarobaini nyuma ya nyumba, Ipagala. Niliukuta wakati nanunua kiwanja, ukiwa mche tu, sasa umepita paa kwa mbali. Shina nikilikumbatia mikono haikutani. Umelalia upande wa jirani, tawi moja nene liko juu ya bati langu, na waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye mita umepita katikati ya matawi. Nataka uondoke wote. Kisiki tutakizungumza baadaye.

Fundi wa kwanza alikuja na panga na kamba begani, akautazama, akasema 60,000. Wa pili ana msumeno wa mnyororo, akasema 180,000 na kuni zibaki kwake. Wa tatu alikuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akauzunguka mti, akaomba kuingia kwa jirani, akapiga picha, jioni akanitumia ujumbe: 450,000. Nikamwomba anichanganulie. Jibu: "Bosi, hiyo ni kazi ya hatari."

Mti ni uleule. Kuna hesabu yoyote hapa? Wanapima urefu, unene, au wanapima geti langu?

#2 Chilonwa Boy
Wanapima geti. Uzi ufungwe.

#3 Kimya Kingi
Naweka kambi. Na mimi nina mkrismasi unaninyanyulia ukuta, mizizi imeshatokea upande wa barabara.

#4 Fundi Mnyororo
Hii kazi ndiyo inayonilisha, nazunguka mjini mpaka Chamwino, kwa hiyo nitasema ninavyopiga mimi. Wengine watasema yao.

Mteja akinionyesha mti yeye anatazama juu, mimi natazama chini. Nataka kujua utaangukia wapi. Mti mrefu ukiwa uwanja mtupu kule Nala, naukata mdomo upande ninaotaka ulale, nakuja nyuma yake, nabakiza kipande kidogo cha katikati kiwe bawaba, unalala. Mti huohuo ukibanwa na nyumba hauangushwi, unashushwa. Mtu anapanda, kila tawi linafungwa kamba kabla ya kukatwa, na chini kuna mtu aliyezungusha kamba kwenye shina ili uzito usimburute. Kazi ya nusu saa inakuwa ya kutwa. Ndiyo maana mtu akinipigia simu kuuliza "mwarobaini unakata kwa bei gani" sina jibu la kumpa.

Kwa mti wa mleta mada, bila kuuona, ningeanzia hapa: mpandaji 60,000 (huyu hapatikani hovyo, na akija ananuka pombe simpandishi), mtu wa kamba 30,000, vibarua wawili wa chini 20,000 kila mmoja, mafuta, oili ya mnyororo na kunoa 35,000, gari safari mbili kwenda kumwaga matawi 80,000. Hapo ni 245,000 na mimi mwenyewe sijala. Naongeza kama asilimia 30 kwa ajili ya mashine, bati likipasuka, na faida. Inakuja kama laki tatu na ishirini.

Huyo wa 60,000 muulize matawi yanaenda wapi.

#5 Hesabu za Duka
Mkuu #4 umejieleza vizuri ila hapo kwenye 35,000 ya mafuta umetupiga. Mashine ya kushika mkononi inakunywa lita ngapi kwa mti mmoja? Mbili? Tatu?

#6 Fundi Mnyororo
Petroli ni kitu kidogo, nakubali. Ongeza oili ya kuchanganya: kwa Stihl ukitumia oili yao ni 50 kwa 1, ukitumia oili nyingine ni 25 kwa 1, na ukikwepa gharama hiyo pistoni inakwaruzika na umeua mashine. Halafu kuna oili ya kulainisha mnyororo, inamwagika muda wote unapokata.

Lakini adui wangu ni misumari. Miarobaini ya majumbani imepigiliwa kila kitu: kamba ya kuanikia nguo, kibao cha "mbwa mkali", bawaba za geti la zamani. Mti unakua unaumeza msumari, nje huoni kitu. Mnyororo ukigusa mara moja tu meno yamekwenda. Kwa hiyo mti wa nyumbani naupigia bei ya mnyororo, mti wa porini siupigii.

#7 Binti Olmotonyi
Salamu kwenu. Nilisomea misitu Olmotonyi, niongeze upande wa vipimo maana naona watu wanakadiria kwa jicho.

Unene: zungusha kamba kwenye shina usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, pima kamba, gawanya kwa 3.14. Kama mikono ya mleta mada haikutani, tuseme mzunguko ni sm 190, basi kipenyo ni kama sm 60.

Urefu: chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi ukiwa umenyoosha mkono. Kisimamishe wima mbele yako, rudi nyuma mpaka kijiti kizibe mti kuanzia shina hadi kilele. Umbali kutoka ulipo hadi kwenye shina ndio urefu wa mti. Kwenye uwanja tambarare makosa ni madogo.

Sasa uzito. Kipenyo sm 60 kinatoa eneo la mita za mraba 0.28. Zidisha kwa urefu, tuseme mita 12, kisha gawanya kwa mbili kwa sababu shina linachongoka kuelekea juu. Unapata kama mita za ujazo 1.7. Mti mbichi una maji mengi, mita moja ya ujazo inakaribia tani moja. Yaani shina peke yake ni kama tani moja na nusu na zaidi, bado matawi. Kirikuu hakibebi hiyo kwa safari moja hata mkisukuma.

Jambo ambalo wengi hawalioni: kipenyo kikiongezeka mara mbili, mbao ndani yake zinaongezeka mara nne kwa urefu uleule. Kwa hiyo jirani mwenye mti wa sm 30 akikwambia alilipa 80,000, usitegemee wako wa sm 60 uwe 160,000.

#8 Chilonwa Boy
Dada #7, huo ni mti wa kuni, umeshaufanya mtihani wa kidato cha nne.

#9 Binti Olmotonyi
Kaka, wewe ndiye utakayebeba hilo gogo? Kipande cha mita moja chenye kipenyo cha sm 40 ni kama kilo 125. Kibarua anakijua huo uzito kabla hujamwambia hesabu.

#10 Mama Nyemo
Mimi nashangaa mnalipa. Kuni ni pesa! Kule Chang'ombe nilikuwa na mwarobaini mkubwa, wakaja vijana wa kufyatua tofali, wakaukata bure, wakabeba wote kwenda kwenye tanuru. Sikutoa hata mia. Na dada yangu Manyoni, hapahapa Dodoma, yeye alilipwa kabisa, wakampa 50,000 wakachukua mti. Huyo wa 450,000 anataka alipwe halafu akauze kuni. Anakula huku na huku.

#11 Mnyaturu_OG
Mama Manyoni iko mkoa wa Singida, msitunyang'anye.

#12 Mama Nyemo
Haya mwanangu, chukueni Manyoni yenu. Hoja yangu iko palepale.

#13 Fundi Mnyororo
Mama yangu #10, hao vijana wa tofali hawakukata bure, walinunua mti wako kwa nguvu zao. Nina swali moja tu: mti wa Chang'ombe ulikuwa karibu na nini? Na matawi madogo na majani waliyapeleka wapi?

#14 Mama Nyemo
Ulikuwa nyuma kule kwenye uwazi, karibu na choo cha zamani. Matawi waliyaacha, nikamwita kijana wa guta. Lakini guta si 450,000.

#15 Fundi Mnyororo
Ndiyo hapo. Tanuru linataka magogo. Majani ya mwarobaini yanajaza gari na hayana mnunuzi, na ndiyo kazi kubwa. Ukinipa kuni napunguza bei, kweli, ila nitapunguza thamani ya kuni mbichi niliyolazimika kuipasua na kuipakia, ambayo ni ndogo kuliko unavyofikiri unapowaona wanauza mafungu madogo barabarani.

#16 Mzee wa Tanuru
Nimepita, nikaona tumetajwa. Bei ya mti inaendana na msimu wetu, hilo hamjalisema. Kiangazi ndio tunachoma tofali, kuanzia mvua zikikatika mpaka karibu na Novemba. Hapo mwenye mti mnene anaweza kukatiwa kwa bei ya kutupa, mara nyingine bure, kwa sababu fundi ana pa kuuza magogo siku hiyohiyo. Mvua zikianza hakuna anayefyatua, magogo yanamdodea, kwa hiyo anakuongezea wewe. Mleta mada uliuliza mwezi gani?

#17 Mwenye Kiwanja
Mwezi wa pili mzee wangu.

#18 Mzee wa Tanuru
Basi umejibiwa.

#19 Binti Olmotonyi
Sikubaliani moja kwa moja na #16. Msimu unaeleza tofauti ya Februari na Agosti. Hapa watu watatu wametoa bei wiki moja, mti mmoja. Msimu ni uleule kwa wote watatu.

#20 Mzee wa Tanuru
Wa 180,000 ana pa kupeleka kuni, wa 450,000 hana. Mwenye mama lishe wa kumuuzia kuni hangojei tanuru. Usome vizuri binti yangu.

#21 Nkuhungu Asilia
Mimi narudi kwenye geti. Niliwahi kumtumia fundi mmoja picha ya mti, nikamwambia niko Nkuhungu. Akasema 120,000. Siku mbili baadaye shemeji yangu akamtumia picha ileile kwa namba nyingine, akasema yuko Area D. 250,000. Picha ileile! Sasa mtu aniambie kuhusu mita za ujazo.

#22 Chilonwa Boy
Nilisema uzi ufungwe mkaniona mhuni.

#23 Fundi Mnyororo
#21 sitakataa kwamba wapo wanaotazama gari lililoegeshwa kabla ya kutazama mti. Lakini hata mimi Area D napiga juu. Nkuhungu mara nyingi kipande kikianguka kinaangukia mchanga. Area D kinaangukia pevingi, tangi la maji, mashine ya kiyoyozi iliyofungwa nje, ukuta wenye waya wa miba, na gari haliruhusiwi kuingia ndani kwa sababu ya bustani, kwa hiyo kila kijiti kinabebwa kwa mabega mpaka getini. Kigae kimoja cha paa kikivunjika ni mpaka nikitafute rangi ileile. Bati la Nkuhungu nanunua dukani jioni hiyohiyo.

#24 Nkuhungu Asilia
Picha ilikuwa na mchanga mkuu. Mchanga mtupu.

#25 Fundi Mnyororo
Basi huyo alipiga geti.

#26 Mzee wa Nguzo
Wote mmeruka kitu cha maana kuliko vyote. Mleta mada amesema waya wa umeme unapita katikati ya matawi. Mti mbichi unapitisha umeme. Kamba iliyolowa inapitisha umeme. Nimefanya kazi za laini miaka mingi, nimeona mpandaji akipigwa na umeme juu ya mwembe kwa sababu tawi lilikandamiza waya uliochunika plastiki.

Kabla mtu hajapanda, nenda TANESCO, eleza, waje wakate umeme kwenye sevisi laini au wailegeze, kisha wairudishe kazi ikiisha. Fundi anayekwambia "huu waya tutaukwepa" huyo ndiye wa 60,000, na bei yake ni ndogo kwa sababu hajaihesabu hatari. Huyo wa 450,000 huenda ameweka siku ya kusubiri mafundi wa umeme, maana watu wake watakaa chini ya kivuli na posho inakwenda.

#27 Mwenye Kiwanja
Mzee #26 asante sana. Wa kwanza alisema hivyohivyo: "tutaukwepa".

#28 Sheria Kijiweni
Niongeze kidogo. Kwanza hakikisha mti uko ndani ya mipaka yako. Kama umesimama kwenye hifadhi ya barabara si wako, hata kama wewe ndiye uliyeumwagilia. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, kuu na za mkoa ziko TANROADS. Pili, hata ndani ya kiwanja pitia ofisi ya mtaa na uulize kwa afisa misitu wa jiji kama unahitaji kibali. Mji huu kampeni za kupanda miti haziishi, mwenyekiti wako akisikia mashine inalia asubuhi atakuja. Tatu, Sheria ya Misitu ya 2002 inagusa pia kusafirisha mazao ya misitu: gari la magogo bila hati linaweza kusimamishwa na mzigo ukashikiliwa. Fundi anayefuata utaratibu atakuingizia muda na usumbufu huo kwenye bei. Asiyefuata atakuwa rahisi.

#29 Kimya Kingi
Kwa hiyo mkrismasi wangu uliotoka nje ya ukuta sasa ni wa serikali?

#30 Sheria Kijiweni
Shina liko wapi?

#31 Kimya Kingi
Ndani. Mizizi nje.

#32 Sheria Kijiweni
Shina ni lako, na ukuta ukianguka ni wako pia.

#33 Mgogo Ughaibuni
Niko Texas, naona mada ya nyumbani nikasema nichangie. Huku kampuni nyingi zinapiga kwa saa za kikosi: watu wangapi, mashine gani, saa ngapi, halafu faida. Kitu cha kwanza mteja anachouliza ni bima, kwa sababu ukataji miti unahesabiwa kati ya kazi hatari kabisa nchini. Matawi hayabebwi mazima, yanatiwa kwenye mashine ya kusaga, yanatoka vipande vidogo, gari moja linabeba ya magari kadhaa. Huku kisiki kina bei yake kulingana na upana.

#34 Chilonwa Boy
Kaka umeulizwa Ipagala unajibu Texas. Hiyo mashine ya kusaga matawi ukirudi nayo tuletee, utakuwa mbunge.

#35 Mgogo Ughaibuni
Hahaha. Ila hoja ya saa za kikosi ni ileile ya #4. Yeye kaiita kutwa.

#36 Hesabu za Duka
Tatizo la kupiga kwa kutwa ni kwamba fundi mvivu analipwa kuliko fundi hodari. Mimi napendelea bei ya kazi nzima. Mchelewe mpaka usiku, shauri yenu.

#37 Mpandaji Mstaafu
#36 ukimpigia mpandaji bei ya kazi nzima atakimbiza. Ndivyo nilivyoacha ile kazi. Mwenye kazi amechukua kazi kwa bei ya chini, anakuhimiza ushuke saa sita, unakata tawi bila kulifunga. Mguu wangu wa kushoto unajua. Kabla hamjasema 60,000 ya mpandaji ni nyingi, jueni anayepanda hana bima yoyote, akianguka atachangiwa na hao hao vibarua wenzake. Mimi naona sababu ya bei kutofautiana ni moja: nani yuko juu. Kuna kijana atapanda kwa 15,000 kwa sababu ana njaa, na kuna mwenye ujuzi hatapanda chini ya 60,000. Hizo nyingine zote ni maneno ya wenye mashine.

#38 Fundi Mnyororo
Pole sana kaka. Hapo sina la kubisha, ila mashine nayo si maneno.

#39 Iyumbu Mpya
Jamani na mbuyu je? Nimenunua kiwanja Iyumbu, mbuyu umekaa palepale ramani inapotaka sebule. Mafundi wawili wamekimbia. Mmoja ametaja milioni mbili kama mtu anayetania.

#40 Fundi Mnyororo
Hakutania. Mbuyu ni kazi inayochosha bila faida. Umejaa maji na nyuzi, mnyororo hautoi unga kama kwenye mti mwingine, unatoa mabonge yenye nyuzi yanayoziba mashine, unasimama kusafisha kila mara. Huwezi kukadiria uzito kwa kipimo cha #7 kwa sababu mingi ina uwazi ndani, hujui umebakiza ukuta wa unene gani. Na ukimaliza huna kuni, huna mbao, huna mkaa. Hakuna kitu cha kupunguzia bei.

Na kagua nyuki kwanza. Wakiwemo, hiyo ni kazi ya mtu mwingine na bei nyingine.

#41 Mzee wa Mvumi
Vijana mnaongelea mashine. Sisi Wagogo mbuyu haukatwi tu. Kuna iliyofanyiwa matambiko, kuna iliyokuwa mahali pa wazee kukaa. Vibarua wa hapa wanajua, ndio maana wanakimbia au wanataja bei kubwa ili ukatae mwenyewe. Waulize wazee wa Iyumbu kabla ya kumuuliza fundi.

#42 Iyumbu Mpya
Mzee wangu niliuliza. Mmoja akasema hauna neno, mwingine akasema nisithubutu. Wote wawili wameomba soda.

#43 Binti Olmotonyi
Zungusha ramani. Ni bei rahisi kuliko fundi yeyote humu, na utakuwa na kivuli ambacho jirani zako wenye bati jipya hawana. Mbuyu ukiachiwa nafasi hausumbui kama mkrismasi wa #3.

#44 Hesabu za Duka
Mchora ramani naye ana bei yake.

#45 Mama Nyemo
Turudi kwa mleta mada, mnampeleka Iyumbu. Mwanangu, usitoe pesa yote mwanzoni. Jirani yangu alimpa fundi pesa yote asubuhi. Wakakata matawi, wakaacha shina limesimama kama mnara wa simu, wakasema lililobaki "halikuwa kwenye mazungumzo". Akaongeza. Wakakata shina, wakaacha magogo uani, wakasema kubeba ni kazi nyingine. Akaongeza tena.

#46 Sheria Kijiweni
#45 amegusa penye ugomvi wa kila siku. Andikeni karatasi moja, hata ya daftari, mjumbe awe shahidi: shina linakatwa kuacha urefu gani kutoka ardhini, magogo yanapasuliwa au hayapasuliwi, matawi yanaenda wapi na kwa gari la nani, kuni za nani, ukuta wa jirani ukipasuka nani anajenga, umeme unazimwa na nani. Tanguliza ya mafuta na posho, nyingine matawi yakishuka, ya mwisho uwanja ukifagiliwa. Ukifanya hivyo na mafundi wote watatu utaona bei zinasogeleana, kwa sababu sasa hivi kila mmoja anapigia bei kazi yake, siyo kazi yako.

#47 Nkuhungu Asilia
Hii #46 nimeipiga picha. Ingawa naamini zitasogeleana kuelekea juu.

#48 Mwenye Kiwanja
Wakuu nimefanyia kazi. Nimewaita wote watatu na karatasi ya #46. Wa 60,000 aliposikia matawi na waya akasema yeye ni wa kukata tu, akaondoka kwa amani. Wa 180,000 akapanda hadi 310,000 bila kubeba matawi. Wa 450,000 akachanganua: safari tatu za gari, siku moja ya kusubiri umeme uzimwe, na kiasi cha ukuta wa jirani kwa sababu una ufa tayari na hataki asingiziwe. Nikamwachia kuni zote, tukafika 380,000. Tumeupiga ufa picha mbele ya jirani mwenyewe.

#49 Chilonwa Boy
Umepigwa.

#50 Mzee wa Nguzo
Amepona.

#51 Mzee wa Tanuru
Angengoja Julai ningemkatia kwa 150,000 na kuni zangu. Haya.

#52 Mpandaji Mstaafu
Mleta mada muulize mpandaji analipwa ngapi katika hiyo 380,000. Usimuulize mwenye kirikuu, muulize mpandaji.

#53 Kimya Kingi
Na kisiki? Mimi fundi wangu anataka kisiki kilipiwe nusu ya bei ya mti mzima. Kuna mtu kaniambia nitoboe matundu nijaze chumvi, kinakufa chenyewe.

#54 Binti Olmotonyi
Chumvi karibu na ukuta hapana. Itakaa kwenye udongo, itakula nondo za msingi, na hapo hutaotesha kitu muda mrefu. Mleta mada naye ajue: mwarobaini unachipua kutoka kwenye kisiki. Usipokiua au kukichimba, baada ya mvua mbili tatu una vichaka badala ya mti mmoja. Mkaratusi ni hivyohivyo. Wapo wanaopaka dawa ya magugu mara tu baada ya kukata, jeraha likiwa bichi, na ikipakwa siku kadhaa baadaye haifanyi kazi vizuri.

#55 Fundi Mnyororo
Kuchimba kisiki kuna bei kwa sababu ya udongo wetu. Kiangazi jembe linaruka. Mteja wangu asiye na haraka namwambia asubiri mvua ziloweshe ardhi, napunguza karibu theluthi. Mwenye haraka ya kumwaga msingi anatafuta kijiko, ile mashine ya kuchimbia, na kijiko kinakodishwa kwa saa, akikichukua kwa kisiki kimoja inamuuma. Bora aungane na majirani wenye kazi zao za kuchimba.

#56 Hombolo Zabibu
Samahani wakuu, nachepuka kidogo. Mleta mada, matawi yaliyonyooka, unene wa mkono, urefu wa mita mbili hivi, yatapatikana? Natafuta nguzo za kuinulia zabibu. Nilisikia mwarobaini haushambuliwi haraka na mchwa.

#57 Mwenye Kiwanja
Kuni zote nimeshamwachia fundi mkuu. Zungumza naye, nitakupa namba yake faragha.

#58 Mama Nyemo
Mmeona? Kuni si pesa, mlisema.

#59 Hombolo Zabibu
Mama nguzo na kuni ni vitu viwili. Nguzo napima moja moja.

#60 Mpwapwa Kwetu
Nimesoma yote. Mimi nina mikaratusi kama mia mbili shambani Mpwapwa, iko wazi, hakuna nyumba wala waya. Fundi anataka 5,000 kwa kila mti. Niko sawa au nimuombe kwa siku?

#61 Fundi Mnyororo
Mingi hivyo usipige mti mmoja mmoja kwa bei moja, maana ataanza na myembamba, atachukua pesa, atakuachia minene. Igawanyeni kwa unene, kamba usawa wa kifua kama alivyosema #7, mkubaliane bei ya kila kundi. Au kwa siku, ila awe na mashine mbili na wewe ukae shambani. Na kubaliana mapema kama kupunguza matawi na kukata vipande kumo ndani.

#62 Sheria Kijiweni
Na kabla ya gari la kwanza kupakia, onana na ofisi ya misitu ya wilaya kuhusu hati ya kusafirisha. Usingoje kizuizini.

#63 Mpwapwa Kwetu
Sawa wakuu, nimeelewa. Jumatatu nashuka wilayani.

#64 Hombolo Zabibu
#60 hiyo myembamba aliyoitaja #61 ina unene gani?